Msitu Ulioujua kwa Miguu

Mavyaa wangu mpendwa,

Nipo kisiwani Kiegeani, chumbani kwako, leo siku ya tatu. Nilikuja kwa mambo mawili: kukunja nguo zako zigawiwe sadaka, na kukuomba radhi. Nguo nimekunja. Radhi ndiyo imenishinda, kwa sababu jana asubuhi jirani yako Bi Sharifa alinipeleka msituni, na alichoniambia huko kimenivuruga hata sijui tena nikuombe radhi kwa kosa lipi. Nimelala nacho, nimeamka nacho. Nimechana kurasa katika daftari la mwanangu Zubeda nikaona heri niandike, maana hata kaburini kwako siwezi kufika leo. Wewe umelala Mbagala, kwetu, na mimi nimelala kwako.

Unakumbuka siku Hamadi aliponileta mara ya kwanza kama mke wake? Nilikuita mama mkwe, ukacheka. "Huku mama wa mume ni mavyaa," ukaniambia, "na wewe ni mkamwana wangu." Nilifurahi, lakini sikuinua uso. Bibi yangu kule Singida alinifunza kwamba mama wa mume hatazamwi machoni. Unampa maji umepiga magoti, unamsalimia ukitazama chini, akizungumza unatazama mikono yake. Miaka sita nilitazama mikono yako. Naijua hadi leo: kidole gumba kilichopasukapasuka kwa kusuka ukindu, na ile kucha ndefu ya kuchania majani, imesimama kama kisu kidogo. Uso wako nilikuwa naupitia tu, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa watu. Wewe ukawaambia majirani, "Mkamwana wangu ana adabu, hata kuku akipita anainamisha macho."

Kisha ikaja ile likizo ya mwaka juzi. Nilikuja na Zubeda tu, Hamadi alibaki Dar na mafriji yake ya kutengeneza, kama likizo zote za karibuni. Ulitaka kumsukia mjukuu wako mkeka wa kulalia, na ukindu ulikuwa umekwisha. Bi Sharifa, ambaye mlizoea kwenda naye kukata, alikuwa Kilindoni kwa binti yake aliyejifungua. Ulimsubiri siku nne ukachoka. Asubuhi ile ukamwacha Zubeda na watoto wa jirani, ukaniambia, "Funga kanga kiunoni. Twende msituni ukanibebee mzigo."

"Kuna wanyama, mavyaa?"

"Wapo kima, wapo paa, na sasa upo wewe. Watakimbia."

Hukuwahi kufika Singida, kwa hiyo hujui pori nililokuwa nalifahamu mimi. Pori la kwetu ni miiba na mawe makubwa. Ukipanda juu ya jiwe unamwona mchunga ng'ombe aliye mbali, mwendo wa saa nzima. Nilidhani msitu ni hilo hilo, ila kijani zaidi. Tulipoipita mihogo na minazi ya mwisho ulisema "Hodi", kama mtu anayeingia kwa watu, ukainama chini ya tawi, ukatoweka. Nikainama nami. Jua likazimika.

Mavyaa, nilishtuka. Nilitafuta mbingu nikaona vipande vidogovidogo, kama vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani. Hewa ilikuwa ya moto na yenye maji, kana kwamba kuna mtu ananipumulia usoni. Chini hakukuwa na ardhi ninayoijua, bali majani juu ya majani, na chini yake mawe ya matumbawe yenye meno. Kamba za miti, nene kama paja la mtu, zilishuka kutoka juu zikaingia ardhini, nikashindwa kujua mti unaanzia wapi na kuishia wapi. Wadudu walilia bila kupumzika. Nilinyoosha mkono nikashika kitu cha baridi, kumbe ni jani, pana kuliko sinia letu la wali. Kisha kitu kikaruka juu ya kichwa changu, matawi yote yakatikisika, nikapiga ukelele, nikakaa chini.

"Nini?" ukauliza bila kugeuka.

"Kuna kitu juu!"

"Kima huyo. Kaja kumwona mgeni. Simama, unaaibisha ukoo."

Nilisimama. Ulikuwa hatua tano mbele yangu, panga mkononi, unakwenda kama mtu anayetoka chumbani kwenda jikoni. "Inama," unasema, na kweli kuna tawi. "Hapa pana shimo, pita kulia," na kweli shimo lipo. "Hapo kushoto ni upupu, ukikugusa utacheza ngoma ambayo hukufunzwa." Nilikuwa nimeloa jasho la hofu, na papo hapo nikajivuna. Nilijiambia, nikimfuata mama huyu siwezi kupotea.

Tulifika kwenye bonde lenye tope, mikindu imesimama makundi makundi. Ulishika kila kuti changa, ukalipitisha katikati ya vidole, la kufaa ukalikata, lisilofaa ukaliacha. Ukanishika mkono wangu ukaupeleka katikati ya mti. "Huu ndio moyo. Huu hatukati. Ukikata moyo, mwakani utakuja kumpa pole marehemu." Hukuwa ukitazama ulichokata. Niliona, na nikadhani huo ndio ufundi wenyewe.

Wakati wa kurudi ulichagua njia ya juu, uliyosema ni fupi. Mimi nilikuwa nyuma, mzigo kichwani, macho kwenye visigino vyako. Nilipoinua macho kidogo niliuona mti ulioanguka. Mkubwa, umelala katikati ya njia, ukiwa hatua tatu mbele yako. Nikasubiri uzunguke. Hukuzunguka. Ulikwenda moja kwa moja, ukaupiga kwa magoti na kifua, ukaangukia juu yake, panga likaruka.

Hukulia. Ulibaki umeukumbatia, mikono ikiupapasa, juu, chini, kushoto.

"Hiki nini?" ukauliza. Sauti haikuwa yako. "Mkamwana, hiki nini?"

"Mti, mavyaa. Umeanguka."

"Umeanguka lini?"

Nilitupa mzigo, nikakushika mabega nikakugeuza, na kwa mara ya kwanza nikakutazama machoni. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Naona aibu kuandika nilichohisi. Haikuwa huruma. Ilikuwa hofu. Nilitazama ile miti nyuma yetu, nikaelewa kwamba asubuhi nzima nilikuwa nimemfuata mtu asiyeona.

"Huoni," nikasema.

"Naona."

"Mavyaa, huoni!"

"Naona mwanga. Na usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

Goti lako lilikuwa linatoka damu. Nilikufunga kwa upande wa kanga yangu. Tulijaribu kuuzunguka ule mti, lakini matawi yake yalikuwa yamefunga kote, tukaenda mbali, na mbali zaidi, mpaka ukasimama. Miguu yako ilikuwa imeipoteza njia. Nilisikia unavyopumua, nikajua na wewe unaogopa.

"Haya," ukasema. "Sasa wewe ndiye macho. Niambie unaona nini."

"Miti."

"Miti gani?"

"Mikubwa."

"Ya Rabi! Hamadi, wanawake wote wa duniani, ukaniletea wa Singida. Mikubwa vipi?"

"Mmoja magome yake yanabanduka. Mwingine umezungukwa na kamba, ina matunda ya njano, mviringo."

"Hayo mabungo. Chini yake kuna jiwe limekaa kama kinu?"

Nilitazama, sikuona. Nikaenda kufukua majani kwa mguu. "Lipo!" Nilipiga kelele kama mtoto.

"Lipo, basi tumepona. Sasa nyamaza. Unasikia bahari?"

"Sisikii kitu."

"Mimi naisikia. Tuipe mgongo. Nenda taratibu, na usiniachie mkono."

Hivyo ndivyo tulivyotoka. Wewe ulikuwa na msitu kichwani, mimi nilikuwa na macho nisiyojua kuyatumia. Tulipoiona minazi, yaani nilipoiona mimi, nilikaa chini nikalia. Wewe ulikaa kando yangu, ukaanza kuukagua mzigo kwa vidole, kuti moja moja, kama tumetoka sokoni.

"Hamadi asijue," ukasema.

"Tangu lini, mavyaa?"

"Jicho moja kabla hujaolewa. La pili likafuata polepole, likiniomba ruhusa."

"Na rangi za ukindu unazijuaje?"

"Nafunga mafundo kila tita: moja nyekundu, mawili kijani, matatu zambarau. Wewe ulidhani urembo?"

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na Mwenyezi Mungu. Yeye hatanisema kwa Hamadi." Kisha ukanishika mkono, hukutania tena. "Wanangu wema, ndiyo tabu yao. Watanichukua. Watanikalisha Mbagala kwenye kiti cha plastiki, wanifungulie tivii niisikilize. Hapa najua kila kitu kilipo. Huko nitakuwa kitu cha kusogezwa ili watu wafagie. Niahidi."

Nikainamisha macho kwa mazoea. "Naahidi, mavyaa."

Nilikaa miezi minane na ahadi ile. Kila Ijumaa Hamadi alikupigia simu, nawe ukamwambia, "Mzima kabisa, jana nilikuwa msituni." Anakata simu anacheka, "Mama yangu chuma." Mimi najifanya natafuta chumvi. Mvua ikipiga usiku naona miti inaanguka Kiegeani.

Kisha Zubeda akaumwa macho mekundu, nikampeleka hospitali. Kwenye benchi walikaa wazee wanne, kila mmoja jicho moja limefungwa bandeji, wanataniana. Mmoja, mama wa umri wako, aliniambia katolewa mtoto wa jicho jana yake. "Kesho wakinifungua nitamtazama mzee wangu vizuri, nione kama nilidanganywa." Nikamuuliza nesi, hata kama mboni imekuwa nyeupe kabisa? Hata kama ni miaka? Akasema wengi wanaona tena, na upasuaji wenyewe hauchukui muda. Nilibaki nimeduwaa pale, Zubeda ananivuta gauni. Mavyaa, mimi nilijua upofu ni upofu. Na wewe ulijua hivyo hivyo. Tuliapishana kwa jambo ambalo wote wawili hatukulifahamu.

Jioni ile nilimwambia Hamadi. Aliweka chini bisibisi yake.

"Umejua tangu lini?"

"Miezi minane."

Hakunipiga, hakunitukana. Alitoka nje. Siku mbili baadaye alikwenda kupanda boti Nyamisati, akakuleta.

Wiki mbili hukusema nami ila kwa kupitia mtoto. "Zubeda, mwambie mama yako chai imepoa." Nilistahili. Kisha wakakufanyia jicho la kulia. Bandeji ilipofunguliwa ulimtazama Hamadi ukalia, ukamshika Zubeda mashavu ukalia zaidi, kisha ukanigeukia mimi. Sikuinamisha.

"Kumbe ndiye huyu," ukasema. "Nilidhani una pua ndefu."

Ukaomba kioo. Ukajitazama. "Na bibi huyu nani kamleta?" Tulicheka wote, lakini wewe uliacha kucheka mapema kuliko sisi, ukabaki umekishika kile kioo.

Ulikaa nasi wiki tano ukiwa na jicho moja. Lingine lilikuwa linangoja zamu yake. Ulisema likipona utarudi Kiegeani, na safari ya kwanza ni msituni, ukaone uso wa ule mti uliokupiga. Jumanne asubuhi ulikwenda bafuni na kopo lako, nikasikia kopo linaanguka. Presha, walituambia. Mpaka leo akili yangu inakataa. Mtu aliyepita msitu mzima bila macho, ameanguka bafuni kwangu, hatua nne kutoka kitandani, akiona.

Nilikuwa mmoja wa waliokuosha. Ulizikwa alasiri ile ile Mbagala, maana hatukuweza kukungojesha boti. Matangani wifi yangu, binti yako, alisema bila kunitazama, "Angebaki kwake angekuwa hai." Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo moyoni. Nilikutoa kwenye miti yako, nikakuleta ufie kwenye sakafu ya simenti. Hiyo ndiyo radhi niliyokuja nayo hapa.

Sasa nikwambie ya jana.

Bi Sharifa alinikuta nakunja nguo akasema, "Mama Zubeda, twende tukakate ukindu, tumalizie mkeka wa mtoto." Tulipoingia chini ya miti nilishtuka tena kama mara ya kwanza, lile giza la mchana, ule unyevu. Yeye alitangulia. Kila baada ya hatua chache aliinama, akaokota tawi lililoanguka njiani, akalitupa kando. Njia ilikuwa pana, sisi wawili tulipita bila tabu.

"Mbona unasafisha?" nikamuuliza.

"Mazoea. Tulikuwa tunamtangulia mavyaa wako."

"Mnamtangulia vipi?"

Akanitazama kama anayejiuliza kama kweli sijui. "Tulikuwa na zamu, sisi wanawake wa hapa. Leo mimi, kesho mwingine. Unapita mapema, unaondoa matawi, unafukia shimo jipya. Yeye akija anapita kama bibi harusi. Mti ule uliomwangusha ulianguka mimi niko Kilindoni, na aliyenishikia zamu akashikwa na homa. Nililia niliposikia."

"Bi Sharifa, mlikuwa mnajua?"

"Nani asijue? Mafundo yenyewe yalikuwa yanamkosea siku za mwisho, kijani inaingia mahali pa nyekundu. Mikeka hiyo tulinunua sisi. Mimi ninayo mitatu. Mume wangu akasema nyumba imekuwa ghala."

"Na hamkumwambia? Hamkumwambia hata Hamadi?"

"Mtu mzima amesema anaona, wewe utamwambia huoni? Tungemwaibisha. Lile gari la matangazo lilipopita, watu wakapimwe macho Kilindoni, tulikaa tukashauriana. Tukasema tukimwambia aende, atajua kwamba tunajua. Tukanyamaza."

"Yalikuwa yanatibika," nikasema.

"Nini?"

"Macho yake. Ni upasuaji mdogo tu. Lile jicho la kulia lilikuwa linaona kila kitu."

Bi Sharifa alisimama, panga likining'inia mkononi. "Sisi tulidhani wanagawa miwani," akasema. Kisha akakaa pale pale kwenye majani, mtu mzima yule, akafunika uso kwa ukaya wake wa kichwani. "Miaka mitano," alikuwa anasema. "Miaka mitano tunafagia njia."

Sikuweza kumkasirikia. Ningemkasirikiaje? Wanawake wa kijiji chako waliamka alfajiri kuufagia msitu kwa ajili yako, na hawakutaka hata asante. Sijawahi kuona upendo kama huo. Na wakati huo huo nilitamani kupiga mayowe. Wao walinyamaza kwa kukustahi, mimi niliinamisha macho kwa kukustahi, Hamadi alikuamini kwa kukustahi. Sote tulikuwa na adabu, mavyaa, na wewe ukakaa gizani katikati ya adabu yetu.

Kwa hiyo radhi niliyokuja nayo siiombi tena. Sijutii kusema. Kama ni leo ningesema tena, hata ukinisemesha kwa kupitia Zubeda mwaka mzima. Ninachokuomba unisamehe ni ile miezi minane niliyotunza ahadi. Ungeitumia vizuri miezi hiyo. Ungekuja na macho yako mwenyewe kuitazama mikindu yako, ukagombana na kila mtu kuhusu rangi za mikeka. Niliichukua kwako, nikaiita adabu. Nisamehe hiyo.

Naandika mistari hii ya mwisho tukiwa tumetoka kwa Bi Mize, yule bibi wa nyumba ya karibu na kisima. Bi Sharifa ndiye aliyenikumbusha habari zake jana tukirudi. Anapita akishika ukuta, na anasema anaona. Leo asubuhi tulikwenda. Mlangoni Bi Sharifa alinisukuma mbele: "Wewe ndiye mgeni. Sema wewe."

Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba. Nikakaa mbele yake, nikamtazama usoni, nikamwambia, "Bibi, huoni."

Alinitukana. Alinitukana mimi na Singida yote, na wazazi wangu ambao hawajui hata bahari ilivyo. Alisema watu wa bara hawana haya. Bi Sharifa alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Mimi sikuondoka, na macho sikuyashusha. Nikamweleza habari za benchi la hospitali, habari za jicho lako la kulia, na habari za wiki zako tano. Alipapasa mkono wa kiti chake mara mbili tatu.

"Hiyo boti," akauliza, "inaondoka saa ngapi?"

Tunasafiri kesho, mavyaa, mimi na yeye. Mungu akulaze pema, akupe huko mwanga ambao hauhitaji jicho. Nikifika Mbagala nitapita kwako kwanza kukusalimia, kabla ya kuingia ndani.

Mimi mkamwana wako,
Mama Zubeda